Chumba cha Juu cha Kushoto: Jinsi Moyo Unaopapatika Unavyopimwa

Weka vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya kifundo cha mkono wako wa kushoto, upande wa kidole gumba, kisha ukae kimya kwa dakika moja. Utasikia mshipa ukipiga, na mapigo yakifuatana kwa nafasi sawasawa kama hatua za askari katika gwaride. Ikiwa u mzima wa afya, na umetulia, utahesabu mapigo 60 hadi 100. Sasa mfanyie babu au bibi yako vivyo hivyo siku ya likizo. Kwa wazee walio wengi utakuta utaratibu ule ule. Lakini kwa wachache utasikia jambo jingine kabisa: pigo moja, kisha mawili ya haraka, kisha kimya, kisha dogo, tena kubwa, bila mpango wo wote.

Hali hiyo katika makala haya tutaiita mpapatiko wa moyo, kwa sababu vyumba vya juu vya moyo huacha kupiga, vikaanza kupapatika kama kuku aliyechinjwa. Watu wengi hudhani kwamba daktari akisha kusikia mapigo ya namna hiyo, amekwisha kujua ugonjwa wote. Sivyo. Pigo ni habari ya leo tu. Daktari ataka kujua pia habari ya jana na ya kesho, nazo zimeandikwa katika nyama yenyewe ya moyo, hasa katika ukuta wa chumba cha juu cha kushoto. Nataka kueleza jinsi ukuta huo unavyopimwa, na kwa nini jambo hilo latuhusu sisi tulio na wazee huko Machame, Kibosho, Marangu na Rombo.

Kwanza tukumbuke tuliyofundishwa darasani. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Chumba cha juu cha kushoto, ambacho vitabu vya Biolojia hukiita atiria ya kushoto, hupokea damu iliyosafishwa mapafuni. Kisha huisukuma chini kupitia mlango uitwao vali ya mitrali. Chumba cha chini ndicho chenye kazi nzito ya kupeleka damu mwilini kote, kwa hiyo ukuta wake ni mnene. Ukuta wa chumba cha juu ni mwembamba sana, kiasi cha milimita 2 au 3 tu. Msomaji akumbuke wembamba huo, maana tutaurudia.

Kila pigo la moyo huanza kwa umeme mdogo unaotokea mahali pamoja katika chumba cha juu cha kulia, kisha ukaenea katika nyama yote. Mtu aliyekulia mlimani ataelewa upesi akifikiri habari za mfongo, yaani ule mfereji ambao Wachaga wameuchimba tangu zamani kuleta maji kutoka msituni hadi migombani. Mfongo ukiwa safi, maji hushuka kwa mwendo mmoja na kila kihamba hupata zamu yake. Mfongo ukijaa mawe, matope na mizizi, maji hugawanyika: mengine hupungua mwendo, mengine huzunguka jiwe, mengine hutuama. Ndivyo ulivyo umeme wa moyo. Nyama nzima huupitisha sawasawa, lakini nyama iliyoingiliwa na kovu huuchelewesha, huugawanya na kuuzungusha. Umeme ukizunguka hivyo mahali pengi kwa wakati mmoja, vyumba vya juu hupata amri 350 hadi 600 kwa dakika. Haviwezi kuzitii zote, basi hutetemeka tu.

Hatari yake ni nini? Chumba cha juu cha kushoto kina kimfuko kando yake, mfano wa kidole cha glavu. Damu isiyosukumwa hutuama humo, nayo damu inayotuama huganda. Bonge likichomoka huchukuliwa na mkondo mpaka ubongoni, likaziba mshipa. Ndipo mtu aliyelala mzima huamka upande mmoja umepooza, au akitaka kusema maneno hayatoki. Hicho ni kiharusi. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa katika mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha kwamba mwenye mpapatiko ana hatari ya kiharusi kiasi cha mara 5 kuliko asiye nao. Na kama mpapatiko umefuatana na vali iliyosinyaa kwa sababu ya homa ya rumatiki, hatari hiyo hufika mara 17.

Sasa, je, kovu ndilo huleta mpapatiko, au mpapatiko ndio huleta kovu? Jibu ni kwamba yote mawili ni kweli, na mashahidi wetu ni mbuzi. Mwaka 1995 wataalamu wa Maastricht, Uholanzi, wakiwamo Maurits Wijffels na Maurits Allessie, walitoa taarifa ya majaribio yao. Walifunga nyaya katika mioyo ya mbuzi, na chombo kilichoweza kuanzisha mpapatiko kila ulipokoma. Mwanzoni kila mpapatiko ulidumu sekunde chache tu, kisha moyo ukarudi katika utaratibu wake. Lakini kadiri ulivyoanzishwa tena na tena, ndivyo ulivyozidi kudumu. Baada ya juma moja hivi, mbuzi 10 kati ya 11 walikuwa na mpapatiko uliopita saa 24 bila kukoma wenyewe. Mpapatiko huzaa mpapatiko.

Jambo la kutia moyo ni kwamba walipouacha moyo upumzike, tabia ya umeme ilirudi kuwa ya kawaida kwa muda wa juma moja. Lakini nyama haikuwa nyepesi hivyo. Majaribio yaliyofuata katika chuo hicho yalionyesha kwamba mbuzi waliokaa na mpapatiko miezi 4, kisha wakapumzishwa miezi 4, nyama ya mioyo yao ilikuwa bado haijapona kabisa. Hapo ndipo twaona maana ya kupima ukuta. Umeme hugeuka kwa siku, nyama hugeuka kwa miezi na miaka, na kovu likisha kukaa halitoki.

Makovu hayo hutoka wapi? Sababu ya kwanza ni uzee, ambao hauna dawa. Ya pili ni shinikizo la damu: chumba cha chini kikilazimika kusukuma kwa nguvu nyingi hukakamaa, nacho cha juu hupata taabu ya kukijaza. Hutanuka, na ukuta uliotanuliwa muda mrefu hujaa nyuzi za kovu. Ya tatu ni homa ya rumatiki, ugonjwa unaoanzia kooni kwa watoto. Vijidudu viitwavyo streptokoki huleta koo la kuuma. Mwili ukipigana navyo hukosea shabaha na kuushambulia moyo wake wenyewe. Vali ya mitrali hupata kovu, ikasinyaa mpaka mlango ukawa mwembamba. Damu hurundikana nyuma yake, na chumba cha juu hutanuka kama mfuko uliojazwa kupita kiasi. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi si mzee. Aweza kuwa mama wa miaka 30, au mwanafunzi wa rika letu.

Huku kwetu kazi kubwa ya kuhesabu mambo haya imefanyika katika Wilaya ya Hai, magharibi ya mji wa Moshi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wachunguzi waliandika watu 636 waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza, 183 wa Hai na 453 wa Dar es Salaam. Kisha mwaka 2012 ilichapishwa taarifa nyingine: wazee 2,232 wa miaka 70 na zaidi wa vijiji vya Hai walipimwa, na waliokutwa na mpapatiko walikuwa 15 tu, yaani chini ya mtu 1 katika kila 100. Linganisha na Rotterdam, Uholanzi. Huko taarifa ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba hesabu ndogo kama hiyo ilikuwa ya watu wa miaka 55 hadi 59. Kwa wenye miaka 85 na zaidi, karibu watu 18 katika kila 100 walikuwa na mpapatiko.

Msomaji atasema: basi sisi tu salama! Asiharakishe. Taarifa ya mwaka 2013 juu ya wazee hao hao wa Hai ilisema kwamba karibu 7 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Kwa hiyo mizizi ya mpapatiko imo. Tena yafaa tufikiri jinsi hesabu inavyofanywa. Mpapatiko wa mtu mwingine huja na kwenda. Ukimpima mara moja asubuhi, umemkosa wa jioni. Na mwenye mpapatiko asiyetibiwa akifa mapema kwa kiharusi, hayupo siku ya kuhesabiwa. Hesabu ndogo si lazima iwe habari njema. Mwenye kutaka kujua ukweli hana budi kutazama ukuta wa moyo, wala si pigo la siku moja peke yake.

Ukuta huo wapimwa kwa njia gani? Njia ni tano, nami nitazitaja kutoka ile ya bure hadi ile ya gharama.

Njia ya kwanza ni vidole, kama tulivyofanya mwanzo. Vidole hueleza utaratibu wa mapigo, wala havielezi hali ya nyama. Lakini bila vidole njia nyingine hazianzi, kwa maana hakuna atakayempeleka mzee hospitali.

Njia ya pili ni mashine ya kuandika umeme wa moyo, ambayo ilitengenezwa na Willem Einthoven wa Leiden, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mashine hii huchora mstari wenye vilima. Kilima kidogo cha kwanza ni alama ya vyumba vya juu. Katika mpapatiko kilima hicho hutoweka, na mahali pake huonekana mikunjo midogo midogo isiyo na mpango. Lakini hata siku ambayo mpapatiko haupo, kilima kile hutoa habari: kikichukua zaidi ya sekunde 0.12, daktari hujua kwamba umeme unachelewa njiani, na pengine umepita penye kovu.

Njia ya tatu ni ultrasaundi ya moyo. Mashine hupeleka sauti ambazo sikio halizisikii, nazo hurudi kama mwangwi wa bondeni na kuchora picha ya moyo ukifanya kazi. Ndiyo njia ifaayo zaidi katika nchi zetu, kwa sababu haina kisu, haina sumu, na hupatikana katika hospitali kubwa kama KCMC, iliyofunguliwa hapa Moshi mwaka 1971. Kwayo daktari hupima upana wa chumba. Kikizidi sentimeta 4 hivi, kimetanuka. Huona vali kama imesinyaa. Kwa mashine nzuri aweza pia kupima jinsi ukuta unavyovutika unapojaa damu. Ukuta wa mtu mzima wa afya huongezeka urefu kwa karibu asilimia 40, lakini ukuta wenye makovu huvutika kidogo tu, kama mpira wa baiskeli uliozeeka juani. Na daktari akitaka kujua kama kuna damu iliyoganda katika kile kimfuko, hushusha chombo chembamba kooni, maana umio hupita nyuma tu ya chumba hicho.

Njia ya nne ni mashine ya MRI, yenye sumaku yenye nguvu sana. Mgonjwa hudungwa dawa yenye madini ya gadolini, kisha husubiri robo saa au zaidi. Nyama nzima huisafisha dawa upesi, lakini kovu huishika, kwa hiyo katika picha kovu hung'aa. Wataalamu wa chuo cha Utah, Marekani, walitumia njia hii kugawa wagonjwa katika madaraja manne: kovu chini ya asilimia 10 ya ukuta, 10 hadi 20, 20 hadi 30, na 30 au zaidi. Lakini hapa ndipo tunaporudia ule wembamba wa ukuta. Vitone vinavyounda picha ya mashine hiyo vina upana wa milimita moja au mbili, na ukuta wenyewe ni milimita 2 au 3. Ni kama kusoma herufi ndogo kwa miwani ya kuazima. Watu wawili waweza kuitazama picha moja wakatoa hesabu mbalimbali, na kwa sababu hiyo vituo vinavyoitumia kazi hii ni vichache duniani.

Njia ya tano ni kuugusa ukuta wenyewe. Waya mwembamba uitwao katheta huingizwa katika mshipa wa paja, ukapandishwa hadi moyoni. Ncha yake hugusa ukuta mahali baada ya mahali na kupima nguvu ya umeme, na kompyuta huchora ramani ya rangi. Mahali penye milivolti 0.5 au zaidi huhesabiwa kuwa pazima. Chini ya hapo pana mashaka. Na panapokaribia sifuri ni kovu tupu. Kazi za katheta hapa Tanzania hufanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Lakini ramani ya namna hii hutengenezwa hasa mgonjwa anapokuwa tayari amelazwa kwa matibabu ya kuunguza.

Matibabu hayo ni yapi? Mwaka 1998 daktari Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba mpapatiko mwingi huanzia kwenye midomo ya vena zinazoleta damu kutoka mapafuni. Tangu hapo madaktari huunguza duara kuzunguka midomo hiyo ili umeme mbaya usipite. Kwa wengine hufaulu, kwa wengine mpapatiko hurudi. Mwaka 2014 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 260 waliopimwa kwa MRI kabla ya kuunguzwa. Waliokuwa na kovu dogo kabisa, mpapatiko uliwarudia 15 katika 100 kabla ya kwisha mwaka. Daraja la pili 33, la tatu 46, na la nne 51. Hapo ilithibitika kwamba ukuta hutabiri.

Basi wataalamu wakafikiri: ikiwa kovu ndilo adui, na tuliunguze kovu pia. Wakajaribu kwa wagonjwa 843, na mwaka 2022 majibu yalitoka. Walioongezewa kuunguzwa makovu, mpapatiko uliwarudia 43 katika 100. Walioachwa bila nyongeza hiyo, 46. Tofauti hiyo ni ndogo mno, haihesabiwi kuwa faida. Kujua penye kovu si kuliondoa. Kipimo chafaa kumwambia daktari nani atapona kwa urahisi, nani asisumbuliwe bure, na nani asiachwe bila dawa ya kuzuia damu isigande. Lakini kipimo hakirudishi nyama iliyokwisha kuharibika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kazi iliyo kubwa zaidi ni ile inayofanywa kabla ya kovu, nayo haihitaji sumaku wala katheta. Mdogo wako akiumwa koo pamoja na homa, asipewe maji ya ndimu tu na kuambiwa avumilie. Apelekwe zahanati akachunguzwe, maana penisilini ikitolewa mapema huzuia homa ya rumatiki. Aliyekwisha kupatwa na homa hiyo asikose sindano zake za kila majuma matatu au manne, hata akijiona mzima. Mzee apimwe shinikizo la damu, na akipewa vidonge asiviache siku anapojisikia vizuri. Na mwenye mpapatiko aliyepewa dawa ya kuzuia damu isigande aifuate sawasawa na kupimwa damu kwa siku zake. Mwaka 2022, uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye mpapatiko pamoja na ugonjwa wa rumatiki wa moyo, kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kwamba dawa ya zamani ya warfarini iliokoa maisha zaidi kuliko dawa mpya ya rivaroksabani. Cha zamani si lazima kiwe duni.

Shule inakaribia kufungwa, nasi tutapanda kurudi nyumbani. Ukisha kumwamkia babu shikamoo, na kumpa habari za masomo, mwombe mkono wake uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Ukisikia pigo moja limeruka, usimtie hofu, maana hata watu wazima wa afya hupatwa na hilo. Lakini ukisikia mapigo hayana utaratibu hata kidogo, mwanzo hadi mwisho, hesabu tena baada ya kupumzika. Yakiwa vile vile, mweleze baba au mama, na mzee apelekwe akapimwe kwa mashine. Wala usijaribu kumpa dawa wewe mwenyewe. Mtu ye yote anayejua kuhesabu na kutazama saa aweza kuifanya kazi hii, na katika nyumba nyingi za mlimani mtu huyo ni wewe.